Peugeot 504 ya kila siku Mombasa: vipuri, maji na chumvi

Foleni ya feri Likoni saa kumi na moja jioni ndiyo mtihani wa gari la kale hapa Mombasa. Jua limeshuka lakini lami bado inafukuta. Mbele yako lori, nyuma tuktuk, ubavuni watu wanakimbilia feri. Injini inanguruma mahali pamoja, hakuna upepo unaopita kwenye rejeta, na jicho lako haliondoki kwenye mshale wa joto. Ninavuka na Peugeot 504 kutoka Likoni kwenda kazini Shimanzi, na kurudi, mwaka wa kumi na moja sasa. Haya ni yale niliyojifunza, mengine kwa kuambiwa na mengine kwa kulipa.

Wapenzi wa magari ya nguvu huniuliza mbona nisitafute Mustang au Camaro. Jibu liko kwenye sheria. KS 1515, kiwango cha Kenya cha magari ya kuingizwa, hakiruhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na gari la usukani wa kushoto halisajiliwi Kenya ila liwe la kazi maalumu. Basi gari la kale utakalolimudu ni lile ambalo limekwisha kuwa humu: 504, 404, Datsun 160J, Ford Escort, Mercedes W123. Usiyadharau. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikaja ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Datsun 160J ikatwaa 1979 na 1980 mikononi mwa Shekhar Mehta, kijana wetu. Nguvu ya magari haya ni ya kustahimili njia mbovu siku nzima, na hiyo ndiyo nguvu mtu wa Mombasa anayoihitaji.

Nitataja 504 kila mara kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu, lakini mwenye Escort au 160J atapata mengi ya kuchukua.

Neno moja kabla ya hatua ya kwanza. Watu hudhani gari la kale hapa linakufa kwa kukosa spea. Mimi nimeona 504 zenye injini nzima zikipelekwa kwenye mizani ya vyuma chakavu kwa sababu sakafu imeoza na hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu, imeliwa na maji. Chumvi ya hewani na chumvi ya kisimani ndizo zinazoua. Spea zinapatikana kwa mwenye subira.

1. Kabla ya kulipa, ingia uvunguni

Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini, uipitishe chini ya milango, kwenye vizingiti, kuzunguka matao ya magurudumu na pembeni mwa kioo cha mbele. Mahali ambapo sumaku haishiki, pamejazwa puti. Puti ndogo ya kuziba alama ya mkwaruzo haina neno. Puti ya ukubwa wa kiganja kwenye kizingiti ni kutu iliyofunikwa blanketi, na chini ya blanketi inaendelea kula.

Kisha inua zulia. Inua lote, hata muuzaji akikunja uso. Bonyeza sakafu kwa bisibisi, hasa pale miguu ya dereva inapokaa, na kwenye sehemu ya kuwekea jeki. Fungua boneti utazame kule juu ambako shoksi za mbele zimefungwa. Pakiwa pameoza, achana na gari hilo hata kama linang'aa. Tazama na sakafu ya buti pamoja na tairi la akiba linapokaa, maana maji ya mvua hutuama huko.

Ningependa unishike hapa: ni afadhali 504 isiyowaka yenye bodi kavu kutoka Nakuru au Eldoret, kuliko inayowaka iliyolala Kizingo miaka kumi ikipigwa na kusi. Injini inafunguka kwa spana. Bodi iliyooza inafunguka kwa pochi lako.

Upande wa karatasi, hakikisha namba ya chesisi na ya injini zinalingana na logbook na kumbukumbu za NTSA, mamlaka inayosajili magari. Magari mengi ya umri huu bado yameandikwa jina la mzee aliyekwisha kufariki. Usilipe kwa ahadi kwamba watoto wake watasaini. Waulize kama mirathi imepita mahakamani, au kwa Kadhi kama ni familia ya Kiislamu, na nani ameruhusiwa kuuza. Bila hivyo utaendesha gari la marehemu mpaka na wewe uliache.

2. Maji ya rejeta: hapa usilegeze kamba

Gari langu lilichemka mara ya kwanza kwa kosa ambalo sikujua ni kosa. Nililiacha gereji moja kisiwani libadilishwe hozi ya juu. Kijana akajaza rejeta kwa maji ya kisima cha uani, yale yale ya kuoshea magari, ambayo ukiyaonja ni chumvi. Mwaka haukuisha. Oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, tukafungua hedi. Nakumbuka nilivyoiinua kwenye mwanga: tundu za kupitishia maji, ambazo zilikuwa duara safi, zimepanuka na kupinda kama mdomo wa chaza, na kingo zake ni nyeupe. Nikakwangua kwa ukucha, zikamomonyoka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Mahali pamoja ulaji ulikuwa umefika kabisa kwenye mviringo wa gaskiti. Hedi ikajazwa kwa kuchomelewa, ikarandwa, ikarudi. Gharama yake ingeninunulia kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ya miaka mingi.

Sababu ni hii. Bloku ya 504 ni chuma cha kusubu, hedi ni aluminiamu. Weka metali mbili kwenye maji ya chumvi na umetengeneza betri. Aluminiamu ndiyo inayoliwa. Tena injini hii ina slivu za kuchomoa, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, ambazo zimezungukwa na maji moja kwa moja na kuzibwa chini kwa pete nyembamba. Maji mabaya hula pale pia, na yakipita huenda moja kwa moja kwenye oili.

Kwa hivyo:

- Maji ya kisima au ya boholi yasiguse rejeta kamwe. Hata ya mfereji yaonje kwanza, kwa sababu mitaa mingi ya Mombasa hupata maji ya chumvi mferejini, na ya mkokoteni hujui yametekwa wapi.
- Tumia maji ya betri yasiyo na asidi, au ya mvua. Wakati wa masika, acha mvua ioshe bati kwa nusu saa nzima, kisha ndipo ukinge.
- Changanya na kulanti iliyoandikwa kuwa inafaa injini za aluminiamu, nusu kwa nusu. Watu huniambia kulanti ni ya nchi za barafu. Sisi hatuihitaji kwa barafu. Tunaihitaji kwa kuzuia ulaji na kufanya maji yachelewe kuchemka. Ibadilishe kila baada ya miaka miwili, hata ikionekana safi.
- Unapojaza, fungua hita hadi mwisho ili hewa isibanwe ndani.

Kuhusu thamostati, kile kifaa kinachozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto: mafundi wengi wa Pwani huing'oa na kuitupa wakisema hapa kuna joto. Mimi sikubaliani. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta na kuchakaza ringi. Ukiishuku, itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto na uitazame. Namba ya joto lake imechapwa juu yake. Ikifunguka karibu na namba hiyo, irudishe. Isipofunguka, nunua nyingine.

Rejeta ya asili ni ya shaba, na hiyo ni bahati. Fundi wa rejeta anaweza kuifungua matangi, kuisukuma vijiti na kuilehemu tena. Usikubali kuibadilisha na ya plastiki kwa sababu tu "mpya".

Na siku hedi ikifunguliwa, mwambie fundi kabla hajashika spana: asizungushe injini hedi ikiwa haipo, mpaka slivu zimebanwa kwa bolti na washa nene. Slivu ikiinuka nywele moja, pete ya chini imeharibika, na utalijua hilo baada ya kila kitu kufungwa. Mafundi waliozoea injini za Kijapani hawana sababu ya kulijua jambo hili. Ni kazi yako kulisema.

3. Fani ya 504 ina siri yake

Hili limewatoa wengi jasho kwenye foleni ya feri. Fani ya 504 haizunguki na injini wakati wote. Imekaa mbele ya pampu ya maji na ndani yake mna koili. Maji yakipata joto, swichi iliyo kwenye rejeta hupeleka umeme kwa brashi ndogo ya kaboni, koili inakuwa sumaku, inavuta kitovu cha fani na kukishikisha na puli. Maji yakipoa, inaachia. Ni ubunifu mzuri. Lakini brashi ile ni ndogo kuliko kipande cha kifutio, na ikiisha, fani huzunguka kivivu tu kwa upepo. Barabarani hutajua, maana mwendo unapoza rejeta. Utajua ukisimama.

Ipime hivi. Zima injini, acha swichi ya ufunguo imezimwa. Chukua waya, gusisha kutoka betri hadi waya wa ile brashi. Ukisikia "ta!" kavu, na fani ikawa ngumu kuizungusha bila puli, koili ni nzima na brashi inagusa. Usiposikia kitu, fungua brashi uitazame urefu. Pete ya shaba inayosuguliwa na brashi isafishe kwa msasa laini kabisa. Hewa yetu huifanya kijani kwa miezi michache. Brashi ya stata au ya alteneta inaweza kuchongwa ikaenea. Mimi nimefanya hivyo mara mbili na inafanya kazi.

Ukisikia "ta" lakini fani bado inateleza, mwanya kati ya kitovu na puli umepanuka. Kuna skrubu tatu za kuurekebisha. Zikaze kwa usawa, kidogo kidogo, robo ya robo.

Wengine huifunga fani moja kwa moja izunguke daima. Si dhambi, gari litapoa, ila utasikia kelele na kupoteza nguvu kidogo. Mimi nimechagua njia ya kati: nimevuta waya hadi swichi ndogo chini ya dashibodi. Nikiingia mteremko wa Likoni naibonyeza kabla mshale haujapanda.

4. Nunua daftari kabla ya kununua spea

Peugeot ya miaka ile ilikuwa ikinunua kifaa kimoja kwa watengenezaji wawili. 504 mbili zilizotoka mwezi mmoja zinaweza kuwa na stata tofauti, moja Ducellier na nyingine Paris-Rhône; breki moja Girling na nyingine Teves; kabureta moja Solex na nyingine Zenith. Ndiyo maana mtu hununua padi "za 504" na zisienee.

Keti na gari lako Jumapili moja. Andika kila jina na kila namba unayoiona: kibao cha chini ya boneti, stata, alteneta, distribyuta, kabureta, kaliperi, masta silinda. Piga na picha. Tangu nilipoanza daftari, sijanunua kitu mara mbili. Kila kifaa ninachofungua napima na kuandika kabla sijakirudisha, maana siku ya kukitafuta gari litakuwa limesimama na mimi nitakuwa dukani bila sampuli.

5. Kutafuta vipuri

Anza na vile ambavyo si vya Peugeot hata kidogo. Bearing ina namba iliyochapwa ubavuni. Oili sili ina vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje, unene, kwa mfano 40x62x10. Mkanda una upana na urefu. Hozi ina kipenyo. Ukienda duka la Mwembe Tayari ukasema "nataka bearing ya 504," kijana wa kaunta ambaye hajawahi kuiona atakujibu hakuna, na hatakuwa amekosea. Mpe namba. Atainuka, atafungua boksi, atakuletea. Kwa hesabu ya daftari langu, karibu nusu ya vitu nilivyobadilisha vimepatikana kisiwani kwa njia hii.

Mzunguko wa pili ni ndugu zake. 505 ya kabureta, 504 pikapu, na zile vani za J7 na J9, zimetumia injini za ukoo mmoja na yako. Seti ya gaskiti, pampu ya maji, sehemu za klachi na vitu vingi vya ndani ya injini hupatikana kwa kuuliza majina hayo. Pikapu ziliendelea kutengenezwa Ufaransa miaka kumi baada ya saloon kukoma 1983, kwa hivyo spea zake hazijakauka sana. Bado weka cha zamani na kipya ubavu kwa ubavu kabla ya kulipa.

Mzunguko wa tatu ni magari yaliyokufa. Huyaoni kwa kupita barabarani; unaambiwa. Waambie mafundi, waambie wanunuzi wa vyuma chakavu Changamwe na Jomvu, waambie jamaa walioko bara, kwa sababu 504 za stesheni wagon zilibeba abiria wa safari ndefu miaka mingi na mizoga yake bado iko nyuma ya nyumba. Ukipata mzoga, usikimbilie injini. Chukua kwanza vitu ambavyo hakuna anayevitengeneza tena na hakuna fundi wa kuvikereza: kioo cha mbele, taa, vitasa na kufuli za milango, mikono ya gia ya usukani, vipande vya dashibodi. Tulichanga watu watatu kununua mzoga mmoja kutoka Voi, tukagawana. Mlango wangu wa nyuma kushoto ulitoka huko, na haukuwa na kutu hata chembe.

Nairobi, Kirinyaga Road, bado kuna maduka yenye mabaki ya spea za zamani kwenye rafu za juu. Piga simu, tuma picha ya kifaa kikiwa kando ya rula, uombe nao wakutumie picha ya chao kando ya rula. Parseli hufika na basi la usiku. Aliyekataa kupiga picha na rula, mwache.

Mwisho ni ng'ambo. 504 iliundwa Argentina hadi 1999, na Nigeria, kiwanda cha Kaduna, ikaendelea hata baada ya hapo. Zaidi ya milioni 3 zilitengenezwa kwa jumla, kwa hivyo dunia haijaisha spea. Ufaransa, L'Aventure Peugeot, shirika la kutunza historia ya Peugeot, huuza vipuri vya magari yao ya kale. Huko ndiko ninakoagiza vitu viwili tu: gaskiti ya hedi, na seti ya pistoni na slivu zake. Hiyo seti ndiyo neema ya injini hii. Huhitaji kupanua silinda. Unachomoa slivu za zamani, unapiga mpya pamoja na pistoni zake, injini imezaliwa upya. Kwa kuwa gharama ya kutuma na ushuru huwa kubwa kuliko kitu chenyewe, tunakusanya orodha ya wenye 504 kadhaa na kuagiza mara moja kwa mwaka. Kitu kidogo humwomba ndugu anayekuja likizo.

Kuna na vya kutengenezewa hapa. Fundi wa lethi atakukerezea bushi, pini, hata puli. Lainingi za breki na sahani ya klachi hubandikwa upya. Lakini kwenye boljointi, tairodi na mipira ya breki sikubali kitu cha kubuni wala cha mtumba. Kipya, au gari lisimame. Nina watoto wanaokaa kiti cha nyuma.

6. Fundi

Fundi wangu ana miaka zaidi ya sabini. Simwiti jina, namwita Ami, kama kila mtu pale uwanjani. Nilipomkuta mara ya kwanza hakugusa spana. Aliniambia niwashe, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya kifuniko cha valvu, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Akasogeza kidogo. Akasogeza tena.

"Ya tatu, ya kutoa," akasema. "Imebanwa. Mlipanga injini ikiwa moto."

"Ndiyo, Ami."

"Njoo kesho alfajiri, kabla hujaiwasha."

Mtu kama huyo akikwambia subiri, subiri. Lakini heshima isiondoe utaratibu. Kubalianeni bei kabla ya kazi, si "tutaona". Nunua spea mwenyewe. Omba urudishiwe kila kilichotolewa. Na uwepo, umshikie tochi, kwa sababu ujuzi huu haujaandikwa mahali pengi na wanaoujua wanazeeka. Mimi humrekodi kwa simu, kwa idhini yake, kila anapofungua kitu ambacho sijakiona. Kama ana kijana anayemfundisha, mlipe na kijana.

7. Kupanga tapeti na mengine ya mara kwa mara

Tapeti, yaani mwanya mdogo unaoachwa juu ya kila valvu, nazipanga mwenyewe kila kilomita 10,000, na nakuhimiza ujifunze. Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha. Fungua kifuniko, toa plagi zote ili izunguke kwa wepesi. Tia gia ya juu, sukuma gari polepole mpaka valvu mbili za silinda ya 4 zipishane, moja ikifunga wakati nyingine inaanza kufungua. Hapo panga za silinda ya 1. Zikipishana za 1, panga 4. Zikipishana za 2, panga 3, na kinyume chake. Valvu ya kuingiza 0.10 mm, ya kutoa 0.25 mm. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo tu, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu.

Peugeot huhesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, yaani ya 1 ndiyo iliyo nyuma, karibu na dereva. Fundi anayepanga taiming akidhani ya 1 iko mbele atakesha.

Oili natumia 20W-50 ya kawaida, lita 4, na kuibadilisha kila kilomita 5,000. Mwanya wa pointi za distribyuta ni 0.4 mm, wa plagi 0.6 mm. Pakia vaselini kwenye vichwa vya betri. Waya za ethi zote, ya bodi na ya injini, zifungue mara mbili kwa mwaka uzisugue hadi zing'ae. Nusu ya matatizo ya umeme ninayoletewa na wenzangu huishia hapo.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na Mombasa unyevu hauishi. Badilisha yote kila mwaka. Usiongezee tu. Maji yakiwa ndani, siku utakaposhuka Mazeras nyuma ya malori, yatachemka kwenye kaliperi na pedali itazama hadi sakafuni.

Matairi ni ya rimu 14. Usinunue kwa kutazama meno peke yake; soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua letu hupasua mpira kabla meno hayajaisha.

8. Chumvi, kila wiki

Feri inapopakia wakati wa bamvua, maji ya bahari hufika kwenye ulimi wa feri na magurudumu huyarusha uvunguni. Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, osha uvungu kwa maji baridi, na hapa pia namaanisha yasiyo ya chumvi. Ndoo mbili za mvua zinashinda pipa zima la kisima. Siku hizi bahari ikiwa juu napitia barabara ya Dongo Kundu isiyo na feri, ni mbali lakini gari linakaa kavu.

Vitundu vya chini ya milango na vizingiti vilitobolewa kiwandani ili maji yatoke. Huziba kwa mchanga. Navizibua kwa njiti ya fagio kila Ijumaa asubuhi, dakika tano, milango minne. Mara moja kwa mwaka, baada ya masika na bodi ikiwa imekauka kabisa, nanyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti kupitia vitundu hivyo hivyo. Usipulize oili chafu kama wengi wafanyavyo. Hushika mchanga na kulainisha mipira.

Ukiona kidonda cha kutu, kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, paka dawa ya kugeuza kutu, kisha red oksaidi, kisha rangi. Fanya siku unayokiona. Na usilifunike gari kwa turubai la nailoni usiku. Jasho hukaa chini yake mpaka asubuhi. Kivuli chenye upepo ni bora, na kama huna, kitambaa cha pamba.

Ninachobeba kwenye buti

Brashi ya fani iliyochongwa tayari. Pointi na kondensa. Mkanda mmoja. Hozi ya juu. Lita tano za maji ya mvua yaliyochanganywa na kulanti. Waya wa mita mbili, fyuzi, fila geji, spana za 8 hadi 19, bisibisi ndefu ya kusikilizia. Na daftari, kwenye mfuko wa plastiki.